Meatus: Mwongozo Kamili wa Kulisoma, Kuligeuza Miisho na Kulitumia Neno Hili la Kilatini

Mwanafunzi wa udaktari hukutana na neno meatus, yaani njia au mkondo, sikioni, puani na kwenye njia ya mkojo. Mseminari anayesoma Kilatini cha kale hulikuta kwa Virgil na Tacitus, waandishi wa Kirumi, na huko halina uhusiano wowote na mwili. Wote wawili hukwama mahali pamoja: neno lenyewe, likiandikwa peke yake, haliwezi kukuambia kama ni moja au ni mengi, wala kama ndilo linalotajwa au ndilo mmiliki wa kinachotajwa. Jibu limo katika maneno yanayoandamana nalo. Anayejifunza kuyasoma hayo kwanza hahangaiki tena.

Anza na kamusi

Kamusi ya Kilatini itaandika hivi: meatus, -us, m. Vitu vyote vitatu vina kazi. Cha kwanza ni umbo la kiima katika umoja. Cha pili ni mwisho wa genitivu, yaani umbo la umiliki, lile ambalo Kiswahili hulieleza kwa "-a". Cha tatu, m., ni jinsia ya kiume, nayo ndiyo itakayoamua miisho ya vivumishi.

Cha pili ndicho kinachosahaulika, na ndicho muhimu kuliko vyote. Nomino ya kiume inayoishia na -us ambayo genitivu yake ni -i, kama ramus, -i (tawi) au nervus, -i (neva), iko katika kundi la pili kati ya makundi matano ambayo Kilatini hugawia nomino zake kwa miisho, na wingi wake ni rami, nervi. Ile ambayo genitivu yake ni -us iko katika kundi la nne, na wingi wake unabaki -us. Kwa hiyo wingi wa meatus ni meatus. Umbo "meati", linaloonekana hata katika ripoti za hospitali, ni kosa: limetengenezwa kwa kufuata nervi na rami bila kutazama genitivu.

Ukiwa huna kamusi mkononi, jiulize kama nomino hiyo imezaliwa na kitenzi. Nomino nyingi za kundi la nne ni za namna hiyo: meare (kwenda, kupita) imezaa meatus, ducere (kuongoza) imezaa ductus, hiare (kuachama) imezaa hiatus, adire (kuendea) imezaa aditus, transire (kuvuka) imezaa transitus, procedere (kusonga mbele) imezaa processus. Zote wingi wake ni -us. Kipimo hiki hakikamati kila neno, kwa sababu sinus na arcus nazo ni za kundi la nne na hakuna kitenzi kinachokuonyesha hivyo. Hizo zishike kwa kichwa.

Matamshi

Ni silabi tatu: me-a-tus, na mkazo uko kwenye a. Msemaji wa Kiswahili hulitamka sawasawa bila kufundishwa, kwa kuwa lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Matamshi ya "mi-ei-tas" yanayosikika wodini yametoka kwenye Kiingereza. Ukisoma Kilatini, yaache.

Tahadhari inakuja neno linaporefuka. Katika meatibus, meatuum na meatui, desturi yetu itakuvuta uweke mkazo kwenye ti au tu, nayo ni makosa. Irabu a ni ndefu na silabi inayoifuata ni fupi, kwa hiyo mkazo haung'oki kwenye a: me-A-ti-bus, me-A-tu-um, me-A-tu-i. Vivumishi vyake vina tabia hiyohiyo: tamka a-CUS-ti-cus, ME-di-us na su-PE-ri-or, lakini ex-TER-nus.

Maumbo yote

Umoja:
- nominativu (kiima): meatus
- genitivu (umiliki): meatus
- dativu (anayepewa au kinachonufaika): meatui
- akusativu (kitendwa): meatum
- ablativu (mahali, chombo, chanzo): meatu

Wingi:
- nominativu: meatus
- genitivu: meatuum
- dativu: meatibus
- akusativu: meatus
- ablativu: meatibus

Hesabu maumbo yanayoandikwa "meatus": kiima umoja, umiliki umoja, kiima wingi, kitendwa wingi. Ni manne. Vitabu vya shule huweka kistari juu ya u katika matatu ya mwisho, meatūs, kuonyesha kwamba u ni ndefu. Majina ya anatomia na maandiko mengi yaliyochapishwa hayaweki kistari hicho, kwa hiyo usijizoeze kukitegemea.

Soma kivumishi kabla ya nomino

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati. Neno letu "njia" lina tabia ileile: "njia imefungwa" na "njia zimefungwa" hutofautishwa na upatanisho tu, nomino haibadiliki. Hakuna Mswahili anayepotea hapo, kwa sababu sikio linasubiri i- au zi-. Kwenye Kilatini subiri mwisho wa kivumishi vivyo hivyo.

Meatus externus: mwisho -us wa kundi la pili ni kiima umoja, basi ni njia moja ya nje. Meatus externos: -os ni kitendwa wingi, basi ni njia za nje zinazotendewa jambo. Meatus externi ndiyo penye utata, kwa sababu -i inaweza kuwa umiliki umoja (ya njia ya nje) au kiima wingi (njia za nje). Ukifika hapo tazama kushoto. Kama kuna nomino nyingine iliyotangulia ambayo inasubiri mwenyewe, ni umiliki. Kama meatus ndiyo inayoongoza kirai, ni wingi.

Chukua jina refu, fundus meatus acustici interni, na ulipasue hivi:

1. Nomino ya kwanza ni fundus (kitako, mwisho wa ndani). Ndiyo kichwa cha jina. Kila kinachofuata kinaieleza.
2. Je, acustici na interni zinapatana na fundus? Hapana, zingekuwa acusticus na internus. Basi zinapatana na meatus.
3. Miisho yake ni -i na kuna nomino inayomilikiwa iliyotangulia. Kwa hiyo meatus hapa ni umiliki umoja.
4. Tafsiri: kitako cha njia ya ndani ya sikio.

Kwa utaratibu huohuo, cartilago meatus acustici ni gegedu la njia ya sikio. Nervus meatus acustici externi ni neva ya njia ya nje ya sikio, tawi la neva iitwayo auriculotemporalis. Atrium meatus medii ni ukumbi ulio mbele ya njia ya kati ya pua. Mtu aliyekariri kwamba "meatus medius" ndilo jina sahihi, akiona meatus medii hudhani ni kosa la chapa. Si kosa: atrium imekuja na umiliki wake.

Puani kuna mtego wa pili. Katika meatus nasi medius, neno nasi ni umiliki wa nasus (pua) na limesimama katikati bila kuathiri chochote. Kivumishi medius kinaruka juu yake na kupatana na meatus. Anayeandika "meatus nasi medii" akikusudia njia moja amepatanisha kivumishi na pua, na maana imekuwa njia ya pua ya kati, kana kwamba mtu ana pua tatu. Jirani yake ni concha nasi media (konka ya kati, kibamba cha mfupa kinachotokeza puani), kwa -a, kwa sababu concha ni ya kike. Superior na inferior ni vivumishi vya kulinganisha, havibadiliki kati ya kiume na kike: meatus nasi superior, concha nasi superior. Umiliki wake ni superioris na wingi ni superiores. Ndiyo maana makosa mengi hutokea kwenye medius na machache kwenye hivyo viwili.

Mahali neno linapotumika mwilini

*Meatus acusticus externus* ni njia kutoka nje ya sikio hadi kwenye kiwambo cha sikio. Kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5. Theluthi ya nje ina ukuta wa gegedu, theluthi mbili za ndani ni mfupa. Haijanyooka, imepinda mara mbili mfano wa herufi S, na hilo ndilo linalomlazimu mpimaji kuvuta sikio kabla ya kuingiza otoskopu, chombo cha kutazamia ndani ya sikio: kwa mtu mzima juu na nyuma, kwa mtoto mdogo chini na nyuma. Ukisahau, utaona ukuta wa njia na utaandika kwamba kiwambo hakionekani.

Mgawanyo huo wa gegedu na mfupa una maana kubwa kliniki. Tezi za nta ziko sehemu ya nje tu. Nta inayopatikana imeshindiliwa kwenye sehemu ya mfupa haikutengenezwa pale. Imesukumwa, na mara nyingi kwa kijiti cha pamba. Ngozi ya sehemu ya mfupa ni nyembamba na imegandamana na mfupa, hivyo kuigusa kunauma sana. Wapo pia wanaokohoa wakisafishwa sikio: tawi la neva ya vagus, ramus auricularis, hufika kwenye ngozi ya njia hii, na ubongo husoma mguso huo kana kwamba umetoka kooni.

Tofautisha njia na mlango wake. Porus acusticus externus ni tundu la mfupani linaloonekana kwenye fuvu kavu. Meatus ni mkondo mzima baada ya tundu hilo. Katika mtihani wa mifupa, pini iliyochomekwa ukingoni inauliza porus.

*Meatus acusticus internus* iko upande wa pili kabisa, ndani ya fuvu, kwenye uso wa nyuma wa sehemu ngumu ya mfupa wa temporali, ule wa kando ya kichwa. Ina urefu wa kama sentimita 1. Ndani yake hupita neva ya 7 (ya uso) pamoja na tawi lake nervus intermedius, neva ya 8 (ya kusikia na mizani), na mshipa wa damu uendao sikio la ndani. Kwenye kitako chake neva hujipanga kwa pembe: neva ya uso juu mbele, ya kusikia chini mbele, mbili za mizani juu nyuma na chini nyuma. Uvimbe wa neva ya 8 uitwao schwannoma huanzia humu na kuitanua njia. Kwa kuwa mahali ni padogo, mgonjwa huanza kupoteza usikivu wa upande mmoja uvimbe ukiwa bado mdogo. Usidhani externus na internus ni vipande viwili vya njia moja iliyonyooka. Kati yake kuna sikio la kati na sikio la ndani.

*Meatus nasi* ni tatu kila upande, superior, medius na inferior, kila moja ikiwa chini ya konka yenye jina kama lake. Kilicho muhimu ni nini humwagika wapi. Chini, kwenye inferior, hufunguka mrija wa machozi, ductus nasolacrimalis. Ndiyo sababu anayelia huchuruzika kamasi, na dawa ya matone ya macho huonjeka kooni. Kwenye medius hufunguka sainasi (uwazi wa hewa ndani ya mfupa) ya shavu, ya paji, na seli za mbele na za kati za ethmoidi, mfupa ulio kati ya macho. Njia hii ikivimba, sainasi hizo zote hukosa pa kumwagia kwa pamoja. Sainasi ya shavu huumia zaidi, kwa sababu tundu lake liko juu ukutani na mtu akisimama majimaji hubaki chini. Kwenye superior hufunguka seli za nyuma za ethmoidi. Sainasi ya sfenoidi haimo katika yoyote kati ya hizi tatu: humwaga juu ya konka ya juu, kwenye recessus sphenoethmoidalis, na wanaoiweka kwenye meatus superior hupoteza alama. Kuna pia meatus nasi communis, nafasi iliyo wazi kando ya ukuta wa katikati, na meatus nasopharyngeus, ya nyuma kuelekea koromeo.

*Meatus ya urethra* ni lugha ya wodini. Orodha rasmi ya majina, Terminologia Anatomica, katika toleo lake la 1998, huita tundu hilo ostium urethrae externum. Mwuguzi anayefundisha kusafisha meatus kabla ya kuweka katheta anaeleweka na hana kosa, lakini katika jibu la anatomia andika ostium. Upasuaji wa eneo hili umechukua shina la zamani, meatotomia (kulikata tundu ili lipanuke) na meatoplastia (kulitengeneza upya). Jina la pili hutumiwa pia kwa upasuaji wa kupanua mdomo wa njia ya sikio. Kwa hiyo ukilikuta kwenye faili, soma ni idara gani iliyoandika.

Kuandika kwa Kilatini: vihusishi vya mahali na upande

Per (kupitia) na ad (kuelekea) hutaka akusativu: per meatum, ad meatum. E au ex (kutoka), cum (pamoja na) na sine (bila) hutaka ablativu: e meatu, sine meatu. In hutaka yote mawili kwa maana tofauti. Kukiwa na mwendo wa kuingia, akusativu: in meatum acusticum externum, kama matone yanayotiwa. Kukiwa na kukaa tu, ablativu: corpus alienum in meatu acustico externo, kitu kigeni kilichomo ndani ya njia ya nje ya sikio. Kila kivumishi kinabadilika pamoja na nomino, na kuacha kimoja nyuma ndilo kosa linaloonekana zaidi katika sentensi za wanaoanza.

Kulia ni dexter, kushoto ni sinister, kwa meatus. Genitivu ni dextri na sinistri. Usinakili dextra kutoka auris dextra (sikio la kulia): auris ni ya kike.

Katika Kilatini cha kale

Waandishi wa kale walianzia kwenye kitendo cha kwenda, na njia ikafuata. Mshairi Lucretius anaposema solis lunaeque meatus anazungumzia mienendo ya jua na mwezi. Caeli meatus ya Virgil, kitabu cha 6 cha Aeneid, ni mizunguko ya anga inayochorwa na wanajimu. Ukitafsiri "njia za anga" hujakosea sana, ila "mwendo" uko karibu zaidi. Tacitus, mwanzoni mwa kitabu chake Germania, anasema mto Danube huingia Bahari Nyeusi sex meatibus, kwa mikondo 6, na mlango wa 7 humezwa na vinamasi. Hapo ablativu wingi inaeleza namna: kwa mikondo sita.

Pliny Mdogo, katika barua yake kwa Tacitus kuhusu mlipuko wa Vesuvius wa mwaka 79, anaandika meatus animae, kupita kwa pumzi. Mjomba wake alikuwa amelala, na kwa unene wa mwili wake pumzi ilikuwa nzito na yenye sauti hata waliokuwa mlangoni waliisikia. Katika sentensi hiyo meatus ni kitendo, si koo wala pua. Mganga aliyezoea anatomia huweka "njia ya hewa" hapo, na sentensi hukataa: njia haisikiki, pumzi inayopita ndiyo inayosikika. Basi, jaribu "mwendo" au "kupita" kwanza. Sentensi ikikataa, nenda "mkondo" au "njia".

Kutoka kitenzi hichohicho kuna commeatus, nayo imetanga mbali: kwenda na kurudi, ruhusa ya askari kuwa likizo, na zaidi ya yote vyakula na mahitaji ya jeshi. Kwa Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeandika habari za vita vyake, mara nyingi ni mahitaji. Lakini alipovusha jeshi kutoka Uingereza mwaka 54 KK aliamua kulirudisha duobus commeatibus, kwa safari mbili. Angalia kinachohesabiwa kabla hujachagua.

Majirani zake na mipaka

Canalis ni njia ndefu iliyozungukwa, mara nyingi na mfupa, kama canalis caroticus. Ductus ni mrija wenye ukuta wake unaobeba majimaji. Foramen (jinsia ya kati, wingi foramina) ni tundu la kupenya. Ostium ni mdomo. Aditus ni lango la kuingilia, kama aditus laryngis. Hiatus ni upenyo. Yote haya yanaweza kuwa "njia" au "tundu" kwa Kiswahili cha haraka, na hapo ndipo majibu ya mtihani huharibika.

Nje ya mwili, kuvuka ni transitus. Wafransisko huadhimisha Transitus ya Fransisko wa Assisi jioni ya tarehe 3 Oktoba, yaani kupita kwake kutoka maisha haya. Haki ya kupita kwa miguu katika shamba la mwingine, kwa sheria ya Kirumi, ni iter. Ya kupitisha wanyama ni actus. Ya barabara kamili ni via, ambayo Sheria za Mbao Kumi na Mbili ziliipa upana wa futi 8 paliponyooka na 16 kwenye kona. Kifungu cha maandishi ni locus, wingi loci. Meatus haitumiki kwa lolote kati ya haya.

Jipime

Tafsiri, na useme meatus iko katika umbo gani: (a) e meatu acustico externo sinistro, (b) per meatus nasi, (c) conchae et meatus nasi.

(a) Kutoka njia ya nje ya sikio, ya kushoto: ablativu umoja baada ya e, na vivumishi vyote vitatu vimefuata kwa -o. (b) Kupitia njia za pua: per hutaka akusativu, na akusativu umoja ingekuwa meatum, basi hii lazima iwe wingi, ingawa hakuna kivumishi hata kimoja cha kusaidia. (c) Konka na njia za pua: sarufi peke yake inaruhusu njia moja au nyingi, conchae iliyo wingi kando yake ndiyo inayoelekeza kwenye wingi.